Jiwe la Kusugulia Benchi

Wenzangu wa umri wangu, ambao magoti yameanza kutoa sauti kila tunapoinuka kwenye kiti, mtanielewa. Juzi niliingia duka la dawa pale Kyela mjini kutafuta kitu cha kupaka goti la kulia. Kila siku naendesha baiskeli kwenda Ngana ninakofundisha, na goti limechoka na mimi pia nimechoka, na nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu kwamba baiskeli basi, nitaomba uhamisho nisogee karibu na nyumbani. Kijana wa dukani akafungua kichupa cha dawa ya kuchua ili ninuse kama ndiyo yenyewe. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Harufu ya kafuri ilinipanda puani mpaka machoni, nikashika kaunta, na kijana wa watu akadhani dawa imenizidi nguvu. Kumbe kwa harufu ile tu, aliyeingia mle dukani ni mjomba Asajile na mguu wake, kama alivyokuwa akiingia nyumbani kwa bibi kule Ikombe, harufu ikimtangulia kabla yeye mwenyewe hajainama mlangoni.

Mjomba Asajile alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Ikombe ya utoto wangu ilijua kazi mbili tu: wanaume walivua, wanawake walifinyanga vyungu. Mtu aliyekula kwa kupiga mpira alitazamwa kama anayekula kwa kupiga mluzi. Alicheza beki wa kati katika timu moja ya ligi kuu huko Mbeya. Hakuwa fundi wa mpira. Hata mimi niliyempenda kupita kiasi siwezi kudanganya kwamba alikuwa na chenga. Kazi yake ilikuwa kuzuia, naye alizuia kwa kila alichopewa na Mungu: kifua, paji la uso, meno. Meno ya mbele aliyaacha viwanjani. Pua ilivunjika ikaunga vibaya, ikavunjika tena ikanyooka kidogo. Mashabiki walimwita Kisiki, maana waliojaribu kumpita walijikwaa.

Alipokuja likizo alinyoosha miguu yake mkekani, nami nikapitisha kidole kwenye makovu, moja baada ya jingine.

"Hili?"

"Songea."

"Na hili refu?"

"Tabora. Aliyenipiga hilo alikuwa na miguu kama majembe."

"Na hili la mviringo?"

"Hilo ni mama yako, tulipokuwa watoto. Alinipiga na mwiko."

Mwalimu wetu alipotundika ramani ya Tanzania ukutani, nilishangaa kuona Tabora iko mbali vile na Songea. Kwenye mguu wa mjomba zilikuwa majirani, chini kidogo ya goti. Nilimwambia mwalimu kwamba ramani yake ina makosa, na nikasimamishwa kona hadi kipindi kilipoisha.

Niliishi kwa bibi kwa sababu mama alikuwa mfanyabiashara wa mchele, leo Kyela, kesho Karonga ng'ambo ya mpaka, keshokutwa Mbeya. Bibi alikuwa Mkisi na mfinyanzi, na nyumba yake ilinuka udongo mbichi mwaka mzima. Chungu kikianza kukauka alikipaka udongo mwekundu, akakipakata, akakisugua kwa kijiwe laini cha ziwani mpaka king'ae. Sauti ile ya jiwe juu ya chungu ndiyo niliyoamka nayo kila asubuhi. Chungu kisichosuguliwa, bibi alisema, kinakunywia maji yako. Alikuwa na vijiwe vingi kwenye kibuyu kilichokatwa, lakini kilichokuwa kijiwe hasa kilikuwa kimoja cheusi, cha ukubwa wa yai la bata, alichoachiwa na mama yake. Hicho hakuazima mtu. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kukishika tu, si kukitumia.

Aliyekuwa na redio ni Mzee Lwitiko, katekista wetu. Jumamosi jioni wanaume walijaa barazani kwake kusikiliza ligi, nami nilikaa chini kabisa karibu na redio, nikisubiri jina la mjomba. Mtangazaji alikuwa akilitaja mpaka tunachoka: Asajile anaondosha, Asajile tena, Asajile na mshambuliaji chini wote wawili. Halafu msimu mmoja jina likapotea. Jumamosi ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Zilizofuata, hata wanaume walianza kuulizana.

"Kocha mpya," Mzee Lwitiko alisema hatimaye, akipunguza sauti ya redio. "Asajile siku hizi anasugua benchi."

Mmoja alisikitika, mwingine akatikisa kichwa. Mimi niliinuka nikakimbia nyumbani na furaha yangu.

"Bibi, mjomba anasugua benchi!"

Mkono wa bibi ulisimama juu ya chungu. "Anasugua?"

"Mzee Lwitiko amesema. Kocha mpya amempa kazi hiyo."

"Anasugua na nini?"

Hilo sikulijua. Lakini uso wa bibi ulikuwa umeshafunguka. Kiswahili chake kilikuwa cha mnada wa vyungu Matema, cha salamu na kupatana bei, hakikuwahi kufika uwanja wa mpira. Changu kilikuwa cha darasa la pili. Kati yetu hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba kusugua kwingine si kusugua. Kwa bibi habari ilikuwa njema kabisa: mwanawe, aliyemzalia miongoni mwa wafinyanzi akakimbilia mpira, sasa amepewa kazi ya mikono, na kazi yenyewe ni ile ile ya mama yake.

Akaanza kutangaza. Alitangaza kisimani, akatangaza kanisani. Siku ya mnada tulipanda mtumbwi na vyungu vyetu kwenda Matema, naye alitangaza njia nzima, na tulipofika akawaambia hata wanunuzi. "Mwanangu Asajile siku hizi anasugua mabenchi Mbeya." Waliojua mpira walitazama pembeni au wakakohoa. Bibi alikuwa mtu mzima wa kuheshimiwa, nani angemsahihisha? Nami nilisimama karibu naye kifua mbele.

Mama alipopita kwetu akielekea Mbeya, bibi alitia mkono kwenye kibuyu akatoa kile kijiwe cheusi. Alikifunga kwenye kipande cha kitenge.

"Mpe Asajile. Mwambie hili ni la kusugulia benchi. Asisugue na takataka."

"Mama, hili si la vyungu vyako?"

"Ninayo mengine."

Aliyokuwa nayo hayakuwa sawa na lile, na nililiona hilo kwa macho yangu. Vyungu vya msimu ule havikung'aa kama vya zamani. Bibi alisugua mara mbili ya kawaida, akavigeuza juani, akaguna, akasugua tena.

Mama yangu hajui mpira wala hana muda wa kuujua. Alifika kambini wakati wachezaji wote wamekaa wanakula, akamwita kaka yake, akafungua kitenge mbele ya watu, na akasema alichotumwa, neno kwa neno. Mjomba alisimulia baadaye kwamba walicheka mpaka mmoja akamwaga mchuzi. Hata kocha alitoka ofisini kuja kuona, naye akacheka.

Haukupita muda mrefu mjomba akashuka kutoka kwenye mtumbwi pale ufukoni kwetu, akiwa ameshikwa mkono na mpiga kasia. Goti lilikuwa limevimba mpaka suruali imekataa kukunjika. Alikuwa amejilazimisha mazoezini, akitaka kocha amwone, na goti likageuka. Aliingia akiinama, harufu ya dawa ya kuchua mbele yake, akamsalimu mama yake kwa heshima. "Mugonile, mama." Bibi alimwitikia vizuri, akamsogezea kigoda, kisha akauliza alichokuwa akingoja kuuliza.

"Umemaliza kusugua?"

Mjomba alitoa daluga zake za mpira kwenye begi, akafunga kamba zake pamoja, akazining'iniza kwenye msumari juu ya jiko, penye vikapu vya bibi. "Natundika daluga, mama," alisema. "Basi."

Nilielewa kwamba zimelowa. Asubuhi nilizigusa, zilikuwa kavu kabisa, kwa hiyo nilipanda kigoda nikazishusha, nikazipanga vizuri kando ya mkeka wake. Alipoamka akazitundika tena. Kesho yake nikazishusha tena.

"Gwe Tupo," aliniita kwa jina langu, kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha, "hujui maana ya kutundika daluga?"

"Ili zikauke."

"Zimeshakauka."

"Sasa mbona unazirudisha juu?"

Bibi aligeukia ukutani ili asionekane anacheka. Ndipo mjomba alipotoa kile kijiwe cheusi mfukoni na kukiweka sakafuni mbele ya mama yake.

"Chukua jiwe lako, mama. Wamenicheka vya kutosha."

"Wamekucheka kwa jiwe zuri namna hii?"

"Mama, kusugua benchi siyo kazi. Ni kukaa. Wenzako wanacheza, wewe umekaa pembeni unawatazama. Unasugua kwa makalio."

Nakumbuka moshi wa kuni, na kuku aliyekuwa akidonoa mlangoni, na mimi nikitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu mleta habari nilikuwa mimi. Bibi alilitazama jiwe. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama mwanawe pale alipokalia, kwa makini, kama anayetafuta hayo yaliyosuguliwa.

"Kwa hiyo kule unakaa tu."

"Nakaa tu."

"Na mimi nimewaambia watu wote wa Ikombe kwamba unasugua. Nimewaambia wa Matema. Nimemwambia mchungaji."

"Wenyewe wanajua, mama. Walikuwa wanakuonea haya tu."

"Basi mimi ni mwongo?"

Mjomba aliinama akaanza kulikanda goti lake.

"Mimi sijawahi kuwa mwongo, Asajile, na sitaanza uzeeni kwa sababu ya makalio yako. Utarudi huko na utasugua. Chukua jiwe."

"Goti limeisha, mama."

"Daktari amesema limeisha?"

"Amesema uvimbe ushuke kwanza, halafu nilifanyishe mazoezi taratibu. Atalitazama tena timu ikirudi kambini."

"Hajasema limeisha, basi. Umesema wewe."

Jiwe lilibaki sakafuni siku ile nzima, hakuna aliyeligusa. Kesho yake asubuhi bibi alilipasha jikoni, akalijaribu kwenye mkono wake, akapaka dawa ya kuchua kwenye goti la mwanawe na kuanza kulisugua polepole, kuzunguka mfupa, kama alivyozungusha shingo ya mtungi. Mjomba aliyeshonwa pua bila ganzi aling'ata kanga ya mama yake, machozi yakamtoka. Harufu ya kafuri ikachanganyika na ya udongo mbichi. Hiyo ndiyo iliyonishika dukani, na nadhani itanishika hata nikiwa kikongwe.

Uvimbe uliposhuka, bibi alimpeleka kwenye udongo. Hapa niwaeleze: kwetu udongo ni wa wanawake. Mwanamume huvibeba vyungu vikishachomwa, akapiga kasia navyo hadi Matema, mambo yake yanaishia hapo. Na udongo wenyewe wanawake waliuponda kwa mchi. Lakini bibi alichimba shimo pana karibu na maji, akamwaga udongo wa kutosha nyumba tatu, akatia maji.

"Kanyaga."

"Mama, watu wataniona."

"Si umezoea kutazamwa?"

Akaingia. Wanawake wa pale wote walisimamisha kazi. Bibi Subilaga, jirani yetu, ndiye aliyeanza. "Asajile, ukimaliza kukanyaga na kufinyanga utafinyanga?" Mwingine akauliza ataolewa lini, na mahari ipelekwe kwa nani. Mjomba alikuwa amezoea kuzomewa na viwanja vizima, lakini hao walikuwa shangazi zake, na nilimwona akivuta pumzi kama anayetaka kutoka. Hakutoka. Udongo ulimng'ang'ania mguu kila alipouinua, akaanguka, nami nikacheka na wengine. Akainuka amepakaa mpaka masikioni, akakanyaga tena. Jua lilipoanza kuchoma wanawake walikuwa wamechoka kumtania, wamerudi kwenye vyungu vyao, naye bado yumo.

Ikawa hivyo kila siku. Baada ya udongo alitembea ziwani maji yakiwa kiunoni, toka mitumbwi inapoegeshwa hadi kwenye miamba na kurudi. Baadaye akaongeza njia ya mawe inayopita chini ya milima kuelekea Matema, kwanza akitembea, halafu akikimbia. Siku moja nilimwona akitapika kando ya njia. Alifuta mdomo kwa kiganja, akatazama goti lake kwa chuki, akaendelea. Mimi nilidhani watu wazima wakitapika wanakwenda kulala. Vyungu vya udongo ule, kwa taarifa yenu, viliuzwa vyote, na wanunuzi hawakuambiwa vimekanyagwa na nani.

Asubuhi moja niliamka nikakuta msumari mtupu. Nilidhani nimezishusha mwenyewe usingizini. Nilipotoka nje mjomba alikuwa ameshakaa kwenye mtumbwi, daluga zinaning'inia shingoni, na mfuko wa suruali umetuna upande mmoja, kwa ukubwa wa yai la bata.

Ligi ilipoanza, jina lake lilisomwa mwishoni kabisa, kati ya wachezaji wa akiba. Mzee Lwitiko alimtumia bibi salamu kwa tahadhari kubwa. "Bado anasugua, bibi." Bibi akajibu, "Ee, anasugua," na safari hii alijua anachokisema. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe barazani, mwanamke peke yake kati ya wanaume, akakaa chini na chungu mapajani akaanza kukisugua kwa vile vijiwe vyake vya kubahatisha. Wanaume walitazamana. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anafunika sauti ya mtangazaji.

Jumamosi nyingi zilipita hivyo. Mimi nilikata tamaa mapema, nikawa nakwenda kwa ajili ya bibi tu.

Halafu ikaja ile ya mvua. Timu ya mjomba ilikuwa mbele kwa bao moja, betri zimechoka, Mzee Lwitiko ameshazitoa na kuzing'ata na kuzirudisha. Beki wao akaumia, akatolewa. Mtangazaji akasema, kwa sauti ndogo inayotoka mbali, kwamba anaingia Asajile, Kisiki. Baraza zima lilinyamaza, likabaki jiwe la bibi peke yake. Tulisikia nusu nusu. Wanashambuliwa. Kona. Kona nyingine. Kipa amepitwa, mpira unaelekea wavuni, anaokoa kwenye mstari, Asajile, kwa uso, anaokoa, yuko chini, Asajile yuko chini, bado yuko chini. Na redio ikazimika.

Niliyoyajua mimi kuhusu watu walio chini ni ya makaburini nyuma ya kanisa. "Bibi," nikasema, "mjomba yuko chini."

Bibi alikuwa na hofu, niliiona shingoni mwake. Lakini mkono wake haukusimama.

"Angalau hajakaa," alisema.

Tuliishi bila kujua mpaka mama alipokuja na mtumbwi wa wiki iliyofuata. Walishinda. Jino jingine limekwenda, mdomo umeshonwa, goti ni zima. Mechi iliyofuata alianza, na iliyofuata hiyo, na aliendelea kucheza misimu kadhaa baadaye, akikusanya makovu ya mikoa ambayo hakuwa nayo, mpaka alipotundika daluga mwenyewe siku aliyoitaka yeye.

Mwisho wa msimu ule alirudi Ikombe akitembea sawasawa. Alimsalimu mama yake, akamwekea jiwe kiganjani. Bibi alilipitishia kidole gumba, kama anavyokagua chungu, akasita, akatoka nalo nje kwenye jua. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa na rangi ya kijani, imeingia kwenye vitundu vyake.

"Hii nini?"

"Rangi, mama. Benchi letu lina rangi ya kijani."

Bibi alimtazama.

"Kila mechi ambayo sikupangwa, nilisugua. Mwanzo wenzangu walicheka. Baadaye walikuwa wananiomba niwaazime. Pale ninapokaa mimi sasa ni ubao mtupu, unang'aa. Ukienda utauona."

"Ndaga fijo," bibi alimshukuru, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea. Kisha akaingiza jiwe majini, akalisugua kwa mchanga, akalisugua kwa majani, rangi haikutoka. Akaguna. "Hili sasa litaniharibia vyungu," alisema, na akanitupia mimi.

Bibi hayupo tena, na mjomba ni mzee mwenye wajukuu wawili na meno ya bandia ambayo huyavaa kanisani tu. Jana nilimpigia simu kumweleza habari za goti langu, kwamba limeisha, nafikiria kuachana na baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari amesema limeisha?" akauliza. "Jiwe bado unalo?"

Ninalo. Nimelipasha jikoni, nimepaka dawa, nyumba nzima inanuka mjomba, nami nasugua kuzunguka mfupa, upande wenye kijani ukiwa juu. Jumatatu nina kipindi cha kwanza Ngana, na baiskeli nimeshaijaza upepo.